Ukitaka kuona ndege, panda gari la Kakamega

Je, msomaji, ni lini mara ya mwisho uliposimama kumsikiliza ndege? Simaanishi jogoo wa jirani anayekukatizia usingizi, wala kunguru wanaogombania makombo jaani. Nasema ndege wa mwituni, asiyekujua wala kukuhitaji, anayeimba kwa sababu kumekucha.

Wengi wetu tunaoishi mijini hatukumbuki. Watoto wetu ndio kabisa. Mwambie mtoto wa mtaani akutajie ndege watano. Atataja kuku, bata na kunguru, kisha ataanza kujikuna kichwa. Ndiyo maana mwishoni mwa Agosti, shule zikiwa zimefungwa, dada yangu alinikabidhi mwanawe wa miaka 12 akaniambia: "Ukienda Kakamega, nenda naye. Huyu anayajua magari yote kwa majina, lakini mti hajui hata mmoja."

Tuliabiri basi la usiku kutoka Nairobi. Kabla hatujafika Nakuru niligundua kwamba mpwa wangu alikuwa amejiandaa kwa safari kwa namna yake. Katika mfuko mmoja wa suruali alikuwa na manati aliyoitengeneza kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Mfuko wa pili ulikuwa umejaa kokoto.

"Za nini hizo?" nikamwuliza.

"Lakini Mjomba, si ulisema tunaenda kutafuta ndege?"

Nilicheka, ila moyoni nilijua kwamba nina kazi.

NDEGE WA MJINI

Mji wa Kakamega uko kilomita kama 50 kaskazini mwa Kisumu, kwenye barabara kuu iendayo Webuye na Kitale. Ni makao makuu ya kaunti. Ni mji wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, mji wa boda boda, wa miwa na wa wachuuzi wa mukombero, ule mzizi ambao wanaume wa huku huutafuna huku wakitabasamu kama watu wenye siri. Mgeni mwenye haraka ataona maduka, vumbi na pikipiki tu. Basi usiwe na haraka.

Asubuhi ya kwanza hatukwenda mbali. Tulitembea kwa miguu hadi Muliro Gardens, bustani ya katikati ya mji iliyopewa jina la marehemu Masinde Muliro, mwanasiasa mashuhuri wa magharibi. Tulitafuta mahali penye kivuli tukakaa kimya kwa nusu saa. Mpwa wangu aliona nusu saa hiyo kuwa ndefu kuliko safari nzima ya basi, lakini haikupita bure.

Juu ya mapaa walipita kwarara watatu, wakipiga kelele kama abiria walioachwa na gari. Karibu na hapo akina mnana, wale ndege wa manjano wafumao viota, walikuwa wakivuta nyuzi za majani na kugombana kama mafundi walionyimwa malipo. Mwewe mmoja alizunguka juu ya soko akitafuta kilichoangushwa na wauza nyama. Kwenye ua lililochanua alitua chozi, ndege mdogo mwenye mdomo mwembamba uliopinda, akanyonya maji matamu ya ua moja baada ya jingine, kisha akatoweka.

"Hao wote wako hapa kila siku?" mpwa wangu akauliza.

Wako kila siku, nikamjibu. Sisi ndio hatupo.

Wakati huu wa mwaka ni mzuri kwa matembezi. Mahindi ya msimu wa mvua ndefu yamekauka mashambani, na katika nyua nyingi yameanikwa juu ya turubai. Asubuhi huwa na jua la upole na majani huwa yameoshwa na mvua ya jana. Mchana mawingu hujikusanya, na alasiri mara nyingi hunyesha, wakati mwingine kwa mawe. Kwa hiyo anayetaka kuona ndege huku sharti awe mtu wa kurauka.

NJIA YA ISECHENO

Msitu wenyewe uko mashariki mwa mji, na una milango miwili anayopaswa kuijua mgeni. Upande wa kaskazini ni Buyangu, ambako hifadhi ya kitaifa ilianzishwa mwaka 1985 chini ya shirika la wanyamapori, KWS. Upande wa kusini ni Isecheno, penye kituo cha misitu kilicho chini ya shirika la misitu, KFS. Sisi tulichagua Isecheno. Unapanda matatu ya barabara ya Kisumu hadi Khayega, unageukia Shinyalu, na kutoka Shinyalu boda boda inakufikisha msituni. Tulilala karibu na msitu ili tusichelewe.

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, giza likiwa bado halijaondoka, mwongozaji wetu alikuwa amekwisha fika mlangoni. Alikuwa mwanamume wa makamo aliyezaliwa katika kijiji kilichopakana na msitu, mwenye gambuti, darubini iliyochakaa na sauti ya chini.

"Mulembe," akatusalimu, nasi tukaitikia.

Macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye manati iliyoning'inia mfukoni mwa mpwa wangu. Nilitarajia karipio. Badala yake aliiomba, akaivuta mpira, akasema kwamba fundi wake anaijua kazi, kisha akairudisha kwa mwenyewe.

"Itie mfukoni, leo haina kazi," akasema. "Lakini kokoto zako nazitaka. Kila aina ya ndege utakayoiona au kuisikia, hamisha kokoto moja kutoka mfuko huu hadi mfuko huu. Tukirudi tutahesabu."

Kijana akakubali. Nilimwona akizipapasa kokoto zile kama mtu anayehesabu fedha zake kabla ya kuingia dukani.

MASIKIO HUTANGULIA

Msomaji, usidhani msituni utamwona ndege jinsi unavyomwona kwenye picha. Msitu wa Kakamega ni mnene na miti yake ni mirefu. Ndege wengi hukaa juu kwenye vilele, penye jua na matunda, nawe uko chini kwenye kiza ukinyoosha shingo. Dakika kumi za kwanza hatukuona chochote. Tulisikia tu.

Wa kwanza hakuwa ndege. Ilitoka ngurumo nzito ya kukwaruza, kama pikipiki kubwa inayokataa kuwaka, na ikajibiwa na nyingine kutoka ng'ambo. Mpwa wangu alinishika mkono. Mwongozaji akacheka kidogo. Walikuwa mbega, wale nyani weusi wenye joho jeupe la manyoya marefu, wakitangaza mipaka yao kunapokucha. Akatueleza kwamba mbega hana kidole gumba, na bado huruka kutoka mti hadi mti bila kuanguka.

"Masikio hutangulia," mwongozaji akasema, "macho hufuata. Ukisikia sauti, simama. Usinyooshe kidole haraka. Tafuta tawi linalotikisika wakati hakuna upepo."

Tukafanya hivyo, na msitu ukaanza kufunguka. Kwanza ulisikika mvumo juu ya vichwa vyetu, kama mtu anayepepeta mtama kwa ungo mkubwa. Walikuwa hondohondo wawili, dume na jike, weusi kwa weupe, kila mmoja na mdomo mkubwa wenye pembe juu yake. Mabawa yao ndiyo yaliyovuma. Walitua kwenye mti wa jamii ya mkuyu uliojaa matunda, wakaanza kuchuma, wakirusha kila tunda hewani kidogo kabla ya kulimeza.

Hapo tukasimuliwa habari iliyomshangaza mpwa wangu kuliko filamu yoyote. Wakati wa kutaga ukifika, hondohondo jike huingia katika tundu la mti mkubwa. Dume huleta udongo, na jike huziba mlango akiwa ndani mpaka ubaki ufa mwembamba tu. Humo hutaga, huatamia na kulea kwa muda wa miezi kama minne. Siku zote hizo dume huleta matunda na kuyapitisha kwenye ufa ule. Akiuawa baba huyo, familia iliyofungiwa ndani hubaki bila wa kuilisha.

"Kwa hiyo ukimpiga mmoja kwa jiwe..." mpwa wangu akaanza, kisha akanyamaza. Mwongozaji hakuongeza neno.

Hatua chache mbele tukamkuta ndege ambaye watu husafiri kutoka Ulaya na Marekani kuja kumtafuta. Ni wa jamii ya shorobo, tena ndiye mkubwa kuliko shorobo wote duniani. Urefu wake ni kama sentimita 70, mkia ukiwemo. Mgongo ni wa buluu, tumbo ni la manjano na kijani, kichwani ana kishungi cheusi, na mdomo wake wa manjano una ncha nyekundu, utadhani ametoka kujipaka rangi. Kuruka hakumfai sana. Hukimbia juu ya matawi kama kindi, hufika mwisho, hujirusha na kuteleza hewani hadi mti wa pili. Wanne walipita hivyo mmoja baada ya mwingine, huku wakitoa sauti ya "kok, kok, kok" iliyojaa msitu mzima. Kokoto moja ikahama mfuko.

Usimdharau na mdogo. Vileleni kabisa kulikuwa na kundi la ndege wadogo mno, wenye rangi ya kutu pajini, koo jeupe na mstari mweusi kifuani. Mtu asiye na darubini angedhani ni majani yanayopeperuka. Ndege huyo huitwa eremomela wa Turner, na hapa Kenya hukaa misitu ya magharibi tu. Wataalamu hushinda siku nzima shingo zikiwauma ili wamwone kwa dakika moja.

Kisha tukakutana na siafu. Walikuwa wakivuka njia kwa maelfu, na kila mdudu aliyekuwa chini ya majani makavu alikuwa akikimbia kuokoa roho. Pembeni, kwenye vichaka, ndege wa rangi ya kahawia walikuwa wakirukaruka na kuwadaka waliokimbia. Ndege hao hawali siafu. Huwafuata ili siafu wawafukuzie chakula. Mwongozaji alituambia kwamba akitaka kuwapata ndege wa chini ya msitu, hutafuta kwanza msafara wa siafu. Ushauri wake kwetu ulikuwa mwepesi: ingiza suruali ndani ya soksi na usisimame juu yao. Mimi niliusahau, nikajuta.

KIPANDE CHA CONGO NCHINI KENYA

Huenda utajiuliza kwa nini ndege hawa wako Kakamega na si Ngong au Karura. Jibu liko magharibi. Zamani, hali ya hewa ilipokuwa na unyevu zaidi, misitu mikubwa ya Congo ilienea kupitia Uganda hadi huku. Baadaye nchi ikakauka, na watu wakafyeka na kulima. Msitu ukarudi nyuma, ukaacha vipande. Kakamega ni kipande cha mashariki kabisa kilichobaki. Ndugu za ndege, vipepeo na miti ya hapa hukaa Uganda na Congo, na wengi wao huwezi kuwapata kwingine nchini Kenya.

Msitu ulitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya serikali mwaka 1933. Eneo lake ni takriban kilomita 240 za mraba, lakini chini ya nusu ndiyo bado msitu wa asili. Sehemu nyingine ni miti ya kupandwa, nyasi, chai na vichaka. Hata hivyo, ndani ya kipande hicho zimehesabiwa aina zaidi ya 300 za ndege na aina kama 400 za vipepeo. Tangu mwaka 1979 watafiti wamekuwa wakifuatilia maisha ya kima hapa Isecheno, kizazi baada ya kizazi, mpaka kima wengine wanajulikana kwa sura na ukoo.

Wenyeji nao hawakukaa kitako. Katika miaka ya 1990 waongozaji wa Isecheno walianzisha mradi wa kufundisha mazingira, KEEP, ili watoto wa shule za jirani waujue msitu walio nao mlangoni. Maana ajabu ya Kakamega ni hii: waweza kumkuta mtoto aliyezaliwa kilomita mbili kutoka msituni ambaye hajui zaidi ya anayoyajua mpwa wangu wa Nairobi.

KASUKU WALIKWENDA WAPI?

Jua lilipopanda tulikwea kilima cha Lirhanda. Ukiwa juu yake unauona msitu wote umetandazwa kama zulia la kijani, na mashariki unaona ukuta wa milima ya Nandi. Ubavuni mwa kilima kuna handaki la zamani la wachimba dhahabu. Mwaka 1931 dhahabu iligunduliwa Kakamega, na wazungu wakamiminika kutafuta utajiri. Dhahabu ilipopungua wakaenda zao. Wanaokaa katika handaki hilo sasa ni popo.

Kutoka juu pale unaona pia mwisho wa msitu, nao hauko mbali. Kuna ukanda wa chai, ile ya Nyayo Tea Zones iliyoanzishwa mwaka 1986 ili kuzuia mashamba yasiingie msituni. Baada ya chai ni shamba juu ya shamba, bati juu ya bati, moshi wa jikoni kila mahali. Sehemu hii ya nchi ina watu wengi kuliko sehemu nyingi za mashambani, na kila familia inahitaji kuni, mboga na mahali pa kulima.

Mpwa wangu alikuwa amehamisha kokoto 26. Alikaa juu ya jiwe akanywa maji, kisha akauliza: "Na kasuku? Mimi kasuku ninayemjua ni yule wa kwenye daftari la shule. Hapa hawapo?"

Mwongozaji alikaa kimya kwa muda. Aliponena, alikuwa anautazama msitu.

"Walikuwepo. Wale wa kijivu wenye mkia mwekundu. Nilipokuwa na umri kama wako walikuwa wakipita jioni wakipiga mbinja, wakienda kulala. Sisi wavulana tulijua miti yao. Kasuku hachimbi tundu, hutafuta mti mzee wenye tundu tayari. Tulikwea tukatoa makinda, tukayauza. Mti ukiwa hauwezekani kukwewa, wakubwa waliukata. Tulipata fedha ya sukari na chumvi, na hakuna aliyetuambia tunakosea." Akanyamaza tena. "Ukikata mti wenye tundu hujachukua kasuku mmoja. Umechukua na watoto wake na wajukuu wake. Mti kama ule, ukiupanda leo, mimi na wewe hatutauona ukiwa na tundu."

Leo kumwona kasuku wa kijivu katika msitu wa Kakamega ni bahati kubwa mno. Na si hapa tu. Kote Afrika ndege huyu amewindwa kwa ajili ya vizimba, mpaka mwaka 2016 akaorodheshwa kimataifa kuwa kiumbe aliye hatarini kutoweka. Mwaka huohuo mataifa yalikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu waliokamatwa mwituni. Hayo ni mema. Lakini amri ya mataifa haitoboi tundu kwenye mti.

Ni rahisi, msomaji, kuwanyoshea kidole watu wa ukingoni mwa msitu. Tulipokuwa tukishuka Lirhanda tulipishana na akina mama watatu waliobeba mizigo ya kuni kavu. Walitusalimu, tukawapisha. Mama yule ana sufuria ya maharagwe inayomsubiri, na kuni alizobeba zitamtosha siku mbili au tatu. Je, sisi wa mjini tunaopika kwa makaa tumewahi kumwuliza mchuuzi ni mti gani uliochomwa, na ulikatwa wapi? Gunia moja la makaa halitaji msitu lilikotoka. Na yule aliyenunua kinda la kasuku zamani zile hakuwa mwanakijiji. Alikuwa mtu wa mjini mwenye gari.

Ndiyo maana namshukuru mwongozaji wetu kwa kutusimulia aibu yake. Leo mtu huyo anasomesha watoto kwa kuwaonyesha wageni miti ileile aliyokuwa akiikwea kuiba. Mti uliosimama unamlipa kila wiki, ilhali ule uliokatwa ulimlipa mara moja. Mgeni anapolipa kiingilio, anapomlipa mwongozaji wa hapo, anapolala na kula kwa wenyeji, anampa mtu sababu ya kuuacha mti usimame. Wasipokuja wageni, sababu hiyo hupungua. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa Kakamega bado unazibika.

MVUA YA SAA NANE

Saa nane mchana ngurumo zilianza upande wa Nandi, nasi tukaharakisha. Mvua ilitukuta kwenye ukingo wa msitu, karibu na majani ya chai. Tulijibanza chini ya paa la kibanda. Kabla matone hayajawa makubwa, mbayuwayu walikuwa wakipita chini chini juu ya chai, wakidaka wadudu. Mwongozaji alituambia kwamba kuanzia Septemba idadi yao huongezeka, kwani wengine hutoka Ulaya wakiukimbia ubaridi. Hukaa nasi mpaka karibu Aprili ndipo warudi kwao kutaga.

Mvua ikinyesha tukahesabu. Kokoto zilikuwa 31. Kijana alizipanga kwenye benchi safu kwa safu, akijaribu kutaja kila moja. Alisahau nne tu. Kisha akatoa kokoto moja nyeupe kutoka mfuko wa kwanza, akaiweka kando.

"Hii ni ya nani?" nikamwuliza.

"Ya kasuku," akasema. "Hatujamwona, kwa hiyo siwezi kuihesabu. Lakini nisiitupe."

KAMA UNATAKA KWENDA

Msomaji ukivutiwa, haya ndiyo niliyojifunza. Fika msituni kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kuanzia saa nne ndege hunyamaza, na alasiri ni ya mvua. Lala karibu na msitu ukiweza. Isecheno na Buyangu zote zina mahali pa wageni pa gharama nafuu pamoja na pa kupiga hema, nawe ulizia bei mapema kwa kuwa hubadilika.

Vaa nguo za rangi ya majani au udongo, si nyeupe wala nyekundu. Beba koti la mvua, gambuti au viatu vizuri, soksi ndefu, maji na daftari. Darubini ni ghali, lakini mwongozaji huwa nayo, nanyi mnaweza kupokezana. Usitoke kwenye njia, kwa sababu msitu huu una nyoka wenye sumu kama moma. Nyoka hao hawana haja nawe usipowakanyaga. Kuna mbu pia, na malaria ya magharibi si ya kuchezea. Lala ndani ya chandarua, na kabla ya safari mwulize daktari kuhusu dawa za kinga, hasa ukiwa na watoto.

Usiingie bila mwongozaji. Utapotea, na hata usipopotea utaona majani tu. Usiwalishe kima wala nyani. Usichume mmea wala kung'oa mzizi. Mukombero wenyewe umepungua msituni kwa sababu mchimbaji huuchukua mzizi wote, kwa hiyo ukiutaka, mwulize mchuuzi kama ni wa shambani.

Ukiwa na siku ya pili, nenda Buyangu, kilomita kama 20 kutoka mjini kwenye barabara ya Webuye. Huko kuna kilima kingine cha kutazamia msitu na maporomoko ya mto Isiukhu. Malipo ya KWS hufanywa kwa simu, basi hakikisha ina moto na fedha. Na njiani ukitokea Kisumu, tazama jiwe liliao la Ilesi, mnara wa mwamba unaotiririka maji kama machozi. Ukibahatika kuwepo siku ya mchezo wa fahali, utasikia ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka.

KOKOTO ZILEZILE

Wiki moja baada ya kurudi Nairobi, dada yangu alinipigia simu kulalamika. Mwanawe, ambaye hapo awali hakuamka bila kuvutwa blanketi, sasa alikuwa akitoka nje ya nyumba saa kumi na mbili asubuhi na kukaa kwenye ngazi za ghorofa bila kufanya lolote. Majirani walikuwa wameanza kuuliza kama mtoto ni mgonjwa.

Nikaomba nizungumze naye.

"Mjomba," akasema, "hata huku wapo. Nimefika tisa, bila kuhesabu kuku. Kuna mmoja anaimba juu ya tangi la maji, lakini jina simjui. Ukija utaniambia?"

Nikamwambia kwamba nitakuja Jumapili, tena mapema. Nawe, msomaji, kesho alfajiri kabla ya kuwasha redio, fungua dirisha. Sikiliza. Kisha uhesabu.